Mwamba ngozi huvutia kwake: na sisi wa pwani, nani alituvutia?

Idd kubwa ya 2024 niliharibu ngozi ya ng'ombe wa nyanya yangu, na mpaka leo sijasahau.

Hapa Ukunda Idd ikifika nyama inagawanywa mpaka mfupa wa mwisho, lakini ngozi ni kama haina mwenyewe. Kuna mtu hupita na pikipiki, anatoa hela za soda, anaenda nayo. Asipopita, inatupwa shimoni. Mimi nikasema hapana, hii ya mwaka huu naichukua. Kikundi chetu cha ngoma kilikuwa na ngoma mbili zilizopasuka, na ngozi ya dukani tulikuwa hatuiwezi. Nyanya akanipa, akasema tu, "Usiicheze hiyo, mjukuu wangu, yule ng'ombe nimemlea mwenyewe."

Nikaitandaza mchangani nyuma ya nyumba, nikaweka mawe pembeni, jua likaifanyia kazi. Siku mbili, imekauka kama mbao. Nikapiga klipu, nikaposti, watu wakanipongeza. Halafu nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Msambweni, fundi wa ngoma. Nikamwamkia, akaitikia, akaigonga ngozi kwa kidole, akanyamaza. Akaitia majini. Kesho yake manyoya yalikuwa yanatoka kwa kiganja, katikati kuna matundu, na harufu yake siielezi hapa.

"Umeipika," akaniambia. "Juu imekauka, ndani imeoza. Ngozi haianikwi chini, baba. Ngozi huwambwa."

Hilo neno kuwamba ndilo limenifanya niandike leo.

Methali sote tumeisoma shule: mwamba ngozi huvutia kwake. Tunaandika kwa insha bila kujua hata mtu akiwamba anafanya nini. Kuwamba ni kuivuta ngozi ikae imekazwa, kwa ngoma au kwa fremu ya miti. Humo humo ndimo linatoka neno kiwambo. Kwa hiyo mtu akikwambia kukausha ngozi kwa fremu ni elimu iliyoletwa na wazungu, muulize lugha yetu ilipata wapi neno na methali yake kabla ya huyo bwana kufika.

Na biashara yenyewe ni kongwe. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba ngozi za chui zilitoka nchi ya Zanj zikapelekwa nchi za Waislamu kutengenezea matandiko ya farasi. (Leo usijaribu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya 1977, na ukishikwa na ngozi ya chui au ya palahala wa Shimba Hills, hiyo ni jela.) Kule Siyu, kisiwani Pate, mafundi walisifika kwa kazi za ngozi, na mji huo huo ulijulikana kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Na makubadhi mnayaona mpaka leo.

Sasa ingia karne ya 19. Mwaka 1833 Seyyid Said akatia saini mkataba wa biashara na Marekani, na 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja. Alikuwa mtu wa Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilileta kitambaa, ndicho tunachokiita merikani mpaka kesho, na zikaondoka na pembe, sandarusi na ngozi za ng'ombe. Massachusetts ilikuwa na mafundi viatu wengi ajabu. Ngozi zilikusanywa pwani nzima, nyingi zikitoka Barawa na miji ya Banadir, zikasafiri zikiwa zimekauka tu, hazijatengenezwa. Kiatu kilishonwa huko. Faida ya kiatu ikabaki huko.

Hapo ndipo methali inaponichoma. Ngozi ilivutwa, ndio, lakini haikuvutiwa kwetu.

Halafu wakaja Waingereza, na malalamiko yao yakawa kwamba ngozi za huku ni mbovu: zimekaushwa chini, zina mchanga, zina makovu ya kisu, zimeoza ndani. Idara ya mifugo ikahimiza ngozi zikaushwe kivulini zikiwa zimetundikwa, wakajengesha mabanda ya ngozi, wakatuma watu kufundisha. Mkienda sehemu nyingi za mashambani Kenya mtasikia wazee wakitaja banda la ngozi.

Nitasema ukweli hata kama unaniuma: kuhusu kivuli walikuwa sawa. Mimi ni shahidi, nimeipika ngozi ya nyanya. Ngozi mbichi zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Jua la mchana likiipiga, uso wa juu unafunga haraka, maji yanabaki ndani na joto, na huko ndani inaanza kuoza au kugeuka gundi. Hujui mpaka uiloweke. Aliyekuuzia keshakula hela zake.

Lakini walipokosea ni kudhani mfugaji anaianika chini kwa sababu hajui. Fikiria wewe ni Mduruma wa Kinango, una ngozi moja, na mnunuzi anakulipa kwa uzito, bei ile ile kwa nzuri na mbovu. Fremu inataka miti minne, kamba, kivuli na siku kadhaa za kuiangalia. Ya chini inataka mawe tu. Mchanga wenyewe unaongeza uzito! Utafanya gani? Si ujinga huo, ni hesabu. Mtu akilipwa bei ya ngozi mbovu, atatoa ngozi mbovu.

Mzee wa Msambweni hakunifukuza. Baada ya miezi kadhaa nikapata ngozi nyingine kwa mchinjaji, tukaiwamba pamoja. Nawaandikia alivyonifundisha, maana sikuipata popote kwa simu.

Kwanza miti. Mkoko una nguvu lakini kuukata ovyo ni kosa, na mikoko ya Gazi tunaihitaji pale ilipo. Sisi tulitumia mvinje, umenyooka na umejaa huku kwetu. Toa magome yote, wadudu wasijifiche. Fremu yetu ilikuwa futi 8 kwa 7. Kipimo chake: ukiilaza ngozi ndani, ibaki nafasi ya kiganja au zaidi kila upande, ndiyo kamba ipate pa kuvutia. Pembeni funga kwa kamba na mti mmoja wa mshazari, fremu isiyumbe. Tuliacha kamba ya nailoni kwa sababu inateleza, tukatumia katani.

Ngozi ioshwe, nyama na mafuta yakwanguliwe kwa kisu chenye ncha ya mviringo, kisije kikatoboa. Toboa vitundu vidogo ukingoni kabisa. Anza shingo na mkia, mgongo unyooke katikati. Kisha miguu. Kisha mbavu, na hapa ndipo nilipopigwa kelele: kamba moja kulia, moja kushoto, zinazotazamana. Mimi nilikuwa navuta upande wangu wote kwanza. Ngozi ikapinda mzima mzima.

"Umeisikia methali lakini hukuielewa," mzee akacheka. "Anayevutia kwake peke yake anaharibu."

Na usikaze sana. Ngozi ikikauka inajivuta yenyewe. Ukiikaza ikiwa mbichi, inakuwa nyembamba mbavuni na inapasuka. Ikazwe tu isilegee, halafu fremu isimame kivulini penye upepo. Mvua ikija, ingiza ndani.

Ile ngozi ilitoka safi. Ngoma zote mbili zimewambwa, na moja ilipigwa harusini Diani mwezi huo huo. Nyanya alikuwepo. Hakusema kitu, alinipiga kibega tu.

Serikali iliweka ushuru wa kusafirisha ngozi mbichi, uliofika mpaka 80%, ili viatu vishonwe hapa. Wazo zuri. Lakini kiwanda kinahitaji ngozi nzima, na ngozi nzima inaanza nyuma ya nyumba, siku ya Idd, na mtu anayelipwa vizuri zaidi kwa sababu ameiwamba. Bila hiyo bei, mtamfundisha mfugaji miaka 100 mingine na ataendelea kuweka mawe.

Fremu yangu bado iko kwa mzee, imeegemezwa mwembeni. Idd ijayo naitoa mapema. Nyinyi wa Kwale, ngozi ya kwenu ilienda wapi mara ya mwisho? Muulizeni aliyechinja, mniambie alilipwa ngapi.