Nyumba yenye kujiendesha na sebule ya televizheni: panga umeme kwanza, vyombo nyuma

Muhumba, upande wa ziwa katika komine ya Ibanda, ni kati ya mitaa ya Bukavu ambako nyumba za zamani za mawe zinakaa jirani na nyumba mpya za ghorofa. Kwenye zile mpya, na hata kwenye za zamani zinazotengenezwa upya, wenye nyumba wanaomba kitu kimoja: taa zijiwashe, geti lifunguke kwa simu, kamera zionyeshe parseli hata mwenyewe akiwa Kinshasa ao Ulaya, na sebuleni kuwe televizheni kubwa yenye sauti kama ya sinema.

Mafundi wanaofanya hiyo kazi wapo, vifaa vinapatikana. Shida inakuja kwenye mpangilio. Watu wengi wanaanzaka kununua televizheni, kisha kamera, kisha batri, na mwisho wanamwita fundi wa umeme aunganishe vyote kwenye prizi moja. Pale ndipo vyombo vinaungua, na mara ingine nyumba yenyewe. Makala hii inaeleza njia ya kupanga kazi hiyo hatua kwa hatua. Inafaa kwa mwenye villa Muhumba, na inafaa pia kwa mpangaji wa vyumba viwili Kadutu, Bagira, Uvira ao Goma.

Nyumba yenye kujiendesha ni nini?

Ni nyumba ambamo taa, prizi, kamera, geti ao pompi ya maji vinapokea amri kutoka kwa simu, saa, ao kifaa kidogo kinachohisi mtu, giza, moshi ao maji. Wazo hili si la jana. Mwaka 1975 kampuni moja ya Scotland ilitengeneza mfumo wa X10, uliotuma amri kwa taa na vyombo kupitia nyaya zile zile za umeme za nyumba. Leo amri nyingi zinapita hewani: kwa wifi, kwa Bluetooth, ao kwa Zigbee, ambayo inatumia umeme kidogo sana.

Burudani ya nyumbani ni televizheni, dekoda, spika, michezo ya video na intaneti ya kuangalia filamu. Mambo haya mawili yanapangwa pamoja kwa sababu yanategemea vitu vile vile: umeme, waya na mtandao.

Hatua ya 1: Ujue umeme unaoupata

Umeme wa Bukavu unatoka kwa sehemu kubwa kwenye mto Ruzizi, pale maji ya ziwa Kivu yanapotokea. Ruzizi ya 1 ilijengwa miaka ya 1950, nguvu yake ni karibu megawati 30. Ruzizi ya 2, karibu megawati 44, ilianza mwaka 1989 na inagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Tangu hapo mji umekua mara nyingi, na taka za plastiki tunazozitupa kwenye mitaro zinateremka ziwani na kuziba mashine za Ruzizi. Ndiyo maana delestaji imekuwa sehemu ya maisha.

Kwa mwenye kupanga nyumba, kukatika kwa umeme ni shida ya kwanza. Ya pili ni voltaji. Vyombo vyetu vinahitaji volti 220. Jioni, wakati kila mtu anapika, voltaji inaweza kushuka sana. Umeme ukirudi kwa ghafula, inaweza kupanda kwa dakika chache na kuua dekoda ao modemu. Mwombe fundi apime voltaji asubuhi, saa moja jioni na usiku, kwa siku kadhaa, kabla ya kununua chochote. Stabilizateri nzuri, yenye kungoja dakika chache kabla ya kurudisha umeme kwenye vyombo, ni bei ndogo kuliko televizheni mpya.

Angalia pia vyombo ambavyo ndugu wanatuma kutoka Marekani. Kule wanatumia volti 120. Kama nyuma ya chombo kumeandikwa 100–240 V, hakuna shida. Kama kumeandikwa 120 V tu, ukikiingiza kwenye prizi ya hapa kitaungua mara moja.

Hatua ya 2: Radi na waya ya ardhi

Mwaka 2016 watafiti walitoa orodha ya sehemu zinazopigwa na radi kupita zote duniani, kwa kutumia vipimo vya satelite vya miaka 16. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili duniani, na ya kwanza Afrika, ni Kabare, hapa hapa mlangoni petu: radi zaidi ya 200 kwa kilometa mraba moja kila mwaka. Mwenye kuweka vyombo vya bei kali Bukavu bila kufikiria radi anacheza bahati nasibu.

Kinga ya kwanza ni waya ya ardhi, ile mafundi wanaiita teri. Ni fimbo ya shaba inayoingizwa udongoni karibu metre 1.5 ao 2, na waya ya rangi ya kijani na manjano inayotoka pale mpaka kwenye tablo na kwenye kila prizi. Nyumba nyingi za zamani hazina, ao zilikuwa nayo na ikakatwa. Bila teri, hata parafudri haina pa kupeleka nguvu ya radi.

Kwenye tablo kuwe na vitu vitatu: dijonkteri kwa kila njia ya umeme, dijonkteri diferansieli ya miliamperi 30 inayokata mtu akiguswa na umeme, na parafudri. Waya ya taa iwe ya milimeta mraba 1.5, ya prizi 2.5. Anayekuambia 1.5 inatosha kwa prizi za jikoni anakuandalia moto.

Radi inaingia pia kupitia kebo ya antena na ya paraboli. Kukiwa ngurumo, kuzima kwa telekomande hakutoshi. Chomoa prizi, chomoa na kebo ya antena, mvua ikiwa bado mbali.

Hatua ya 3: Hesabu ya akiba

Kabla ya kununua batri, andika kila chombo, wati zake na saa zake kwa siku. Huu ni mfano wa nyumba ya kawaida:

- Televizheni ya inchi 43: wati 70 × saa 4 = 280
- Dekoda: wati 15 × saa 4 = 60
- Spika: wati 30 × saa 4 = 120
- Taa 6 za LED za wati 9: wati 54 × saa 5 = 270
- Modemu ya intaneti: wati 10 × saa 24 = 240
- Kamera 4 za wati 5: wati 20 × saa 24 = 480

Jumla ni 1 450 kwa siku. Angalia vizuri: kamera ndogo, kwa kuwa hazilali, zinakula kupita televizheni. Vitu vyenye kuwaka usiku na mchana ndivyo vinavyomaliza batri.

Onduleri nayo inapoteza kidogo, kwa hiyo hesabu 1 700. Batri ya kawaida ya volti 12 na amperi-saa 200 inabeba 2 400, lakini ukiitumia kupita nusu kila siku inakufa haraka. Unahitaji mbili. Ya lithiamu ya kipimo hicho hicho inaweza kutumiwa asilimia 80 kila siku, kwa hiyo moja inatosha. Kwa pano za jua, hesabu saa 4 za jua kamili kwa siku, sababu mvua yetu inaanza Septemba mpaka Mei: karibu wati 500 mpaka 600 za pano. Huku karibu na ekweta pano zinalala karibu sawa na mabati, zikiinama kidogo kuelekea kaskazini ili mvua izioshe.

Nunua onduleri ya sinusi safi. Zile za bei ya chini zinafanya spika kulia na zinapasha moto vyombo. Na rishoo, pasi na mashine ya kupasha maji visiunganishwe kamwe kwenye batri: rishoo moja ya wati 1 500 inakausha akiba ya usiku mzima kwa saa moja.

Hatua ya 4: Waya kabla ya krepi

Kama unajenga, huu ndio wakati wako wa dhahabu. Kuta zikisha kupakwa krepi na rangi, kila waya iliyosahauliwa itakuwa kupasua ukuta ao kuning'iniza kebo. Weka ndani ya ukuta mabomba ya plastiki ya kupitishia waya, na uache mengine matupu kwa ajili ya kesho.

Mambo manne yanasahauliwa mara nyingi:

Kwanza, waya ya netri kwenye kila boksi la swichi. Swichi nyingi za kujiendesha hazifanyi kazi bila netri, na nyumba za zamani karibu zote zina fazi peke yake pale.

Pili, kebo za mtandao kutoka modemu mpaka nyuma ya televizheni na mpaka kila kamera. Kebo hiyo inabeba intaneti mpaka metre 100 bila kupungua. Wifi haipendi kuta nene za mawe: katika villa ya zamani modemu ya sebuleni inaweza kushindwa kufika chumba cha pili.

Tatu, kebo za spika, pamoja na prizi juu ya ukuta pale televizheni itakaa.

Nne, njia ya paraboli. Paraboli ya Canal+ huku kwetu inaangalia magharibi. Kama upande ule kuna ukuta mrefu ao avoka ya jirani, tafuta nafasi ingine mapema.

Hatua ya 5: Sebule

Katikati ya televizheni pawe sawa na macho ya mtu aliyekaa, karibu metre 1 na sentimeta 10 kutoka chini. Wengi wanaipandisha kama picha ya ukutani, kisha shingo zinauma. Televizheni ya inchi 43 inataka viti viwe kwenye metre 2 hivi. Usiiweke mbele ya dirisha la ziwa: mwanga wa mchana utafuta picha.

Juu ya sauti, vigae na simenti vinarudisha kelele. Kapeti, rido nzito na viti vya kitambaa vinasaidia kupita spika ya ziada. Spika mbili nzuri zilizowekwa vizuri zinashinda spika sita zilizotupwa kwenye kona. Na mkumbuke majirani: besi inapita ukuta.

Hatua ya 6: Amri na usalama

Anza na mambo machache: taa za nje, pompi ya tanki, kifaa cha kuhisi moshi. Kabla ya kulipa, fanya jaribio moja: zima intaneti, kisha uone kama swichi na taa bado zinafanya kazi. Mfumo unaotegemea seva ya ng'ambo kwa kila amri utakuacha gizani siku mtandao ukikatwa. Chagua vifaa vinavyozungumza ndani ya nyumba yenyewe, kama Zigbee, ao vyenye alama ya Matter, kanuni ya pamoja iliyotoka mwaka 2022.

Geti na mlango vibaki na ufunguo wa chuma. Mlango unaofunguka kwa simu peke yake unaweza kufungia familia ndani siku ya moto. Sentineri na watu wote wa nyumba, pamoja na dada wa kazi, wajue tablo iko wapi na namna ya kukata umeme wote.

Badilisha neno la siri la kamera siku ile ile zinawekwa. Ukiacha lile la kiwandani, mtu mwingine anaweza kuangalia ndani ya nyumba yako. Kamera iangalie parseli yako, isiangalie douche ya jirani.

Kwa mpangaji

Huna ruhusa ya kupasua ukuta wa mwenye nyumba, lakini unaweza kuwa na taa na prizi za kujiendesha zinazochomolewa siku ya kuhama, stabilizateri na batri ndogo ya modemu. Kuhusu teri, zungumza na mwenye nyumba na muandike makubaliano. Ralonji moja yenye televizheni, friji na rishoo pamoja ndiyo kitu cha kwanza cha kuondoa, leo hii.

Kabla ya kumlipa fundi

Omba mchoro wa tablo na wa nyaya zote, kwenye karatasi, na uutunze pamoja na hati za nyumba. Lipa kwa vipande: mwanzo, baada ya waya, na mwisho baada ya majaribio. Fundi apime teri na abonyeze kitufe cha kujaribu cha dijonkteri diferansieli mbele yako. Ikikata, umalize kulipa. Isipokata, televizheni ingoje kwenye karto yake.