Darasa Lililokosa Wanafunzi: Historia Fupi ya Sekondari ya Juu Mjini Bujumbura

Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, shule moja ya sekondari mjini Bujumbura, ambayo hatutaitaja jina, iliwakutanisha walimu wake kuzungumzia jambo lililoonekana dogo. Mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, katika mchepuo wa Lugha, ulikuwa umepata wanafunzi 9 tu. Likatolewa pendekezo kwamba uandikishaji katika mchepuo huo usimamishwe hadi idadi itakapopanda. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapo hatukulipinga mara moja. Hesabu ni hesabu: si rahisi kutetea walimu watano kwa wanafunzi 9, ilhali madarasa ya chini yamefurika hata watoto wanabanana wanne wanne kwenye dawati moja. Lakini mzee mmoja miongoni mwetu, aliyebakiza muda mfupi astaafu, aliuliza, "Na hao wengine wamekwenda wapi?" Hakuna aliyemjibu. Kikao kikaahirishwa.

Swali la mzee huyo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Katika nchi nyingine darasa likipungua, watu hutafuta sababu katika ada, katika mitihani, au katika shule mpya iliyofunguliwa jirani. Katika Burundi sababu hizo zipo pia, lakini historia yetu imetufundisha kuuliza kwanza habari za watu wenyewe.

Wasomaji wa Tanzania, Uganda na Kenya watuwie radhi tukieleza kidogo mpangilio wa shule zetu. Kwa muda mrefu mtoto wa Burundi alisoma miaka 6 ya msingi, kisha miaka 4 ya sekondari ya chini, kisha miaka 3 ya juu. Tangu mwaka 2013 ilipoanzishwa shule ya msingi ya miaka 9, hubakia miaka 3 ya juu kabla ya Chuo Kikuu. Miaka hiyo mitatu ndiyo inayolingana na kidato cha tano na cha sita cha Watanzania. Wakenya nao walikuwa na vidato hivyo, wakaviondoa walipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kufuatia ripoti ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981. Kundi la mwisho la kidato cha sita lilifanya mtihani wake mwaka 1989. Vidato vile havikuondolewa kwa kukosa wanafunzi. Vilifutwa kwa sera, na kila mtu alijua vimefutwa na nani na kwa nini. Darasa linalokwisha kimyakimya, jina moja baada ya jingine, ni jambo la namna nyingine.

Tangu awali ngazi hiyo ya juu ilikuwa nyembamba kwetu. Wajerumani walipojenga kituo chao Usumbura mwishoni mwa karne ya kumi na tisa walikuta Kiswahili kimekwisha kufika kando ya Ziwa Tanganyika pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji, nao wakakitumia bomani. Wabelgiji waliowafuata walikabidhi elimu kwa wamisionari, na wamisionari hao, hasa Wakatoliki, walikitilia shaka Kiswahili kwa kukiona ni lugha ya Uislamu na ya mjini. Kikasukumwa nje ya madarasa, kikabaki sokoni, bandarini na katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza. Kijana aliyetaka elimu ya juu ya serikali ilimbidi aende Astrida, ambayo leo ni Huye katika Rwanda, katika shule kubwa iliyoanzishwa mwaka 1929 na Mabruda wa Upendo wa Ghent kwa ajili ya nchi zote mbili. Huko ndiko alikosoma Mwanamfalme Louis Rwagasore. Hivyo tulipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Chuo Kikuu kilipoundwa Bujumbura mwaka 1964, waliomaliza sekondari ya juu walikuwa kundi dogo mno. Kila mmoja alihesabika, na kila mmoja alijulikana jina.

Yatupasa kulikumbuka jambo hilo tunapoufikia mwaka 1972.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia sehemu za kusini, hasa Rumonge, Nyanza-Lac na maeneo ya Bururi, wakaua Watutsi wengi pamoja na maofisa wa serikali. Usiku uleule aliyekuwa mfalme, Ntare wa Tano, aliuawa Gitega. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa mauaji ambayo hayakuishia kwa waasi. Kwa miezi kadhaa Wahutu waliosoma, na hata waliokuwa wakisoma bado, walisakwa nchi nzima: walimu, makarani, wauguzi, mapadri, wafanyabiashara, wanajeshi, wanafunzi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 100,000, na baadhi ya wanahistoria huyafikisha 200,000 na kuzidi. Warundi huuita msiba ule *ikiza*, neno la Kirundi linalobeba maana ya balaa au tauni. Ni neno ambalo wazee hulitamka kwa sauti ya chini, na miaka mingi ilipita bila kutamkwa hadharani kabisa.

Shuleni mambo yalikwenda kwa utaratibu, na huo utaratibu ndio unaotisha zaidi. Orodha zilisomwa. Walioitwa walitoka nje, wakapandishwa malori, wasirudi. Wako walioitwa kutoka mabwenini, na wako walioitwa katikati ya somo. Chuo Kikuu kilipoteza sehemu kubwa ya wanafunzi wake kwa kuuawa na kwa kukimbia. Mtaalamu wa sayansi ya siasa René Lemarchand, aliyeandika pamoja na David Martin ripoti iliyotolewa London mwaka 1974, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuueleza ulimwengu kwamba lililolengwa hasa lilikuwa tabaka zima la wasomi, wale waliokuwapo na wale waliokuwa wakiandaliwa.

Kwa mwalimu, daftari la mahudhurio ni kitu cha kawaida sana. Hulifungua asubuhi, huita majina, hutia alama. Katika mwaka ule daftari lilikuwa ushahidi. Mistari ilibaki na majina bila alama, na mwaka uliofuata majina yenyewe hayakuandikwa tena. Mtu aliyetazama takwimu peke yake angeweza kusema kwamba uandikishaji wa madarasa ya juu ulishuka, na angekuwa amesema kweli tupu isiyo na maana yoyote.

Pengo lile halikuzibika upesi. Wazazi wengi wa Kihutu waliogopa kuwapeleka watoto mbele zaidi ya shule ya msingi, wakiwa wameona kwamba kalamu ndiyo iliyowaponza wakubwa wao. Akili ya mtoto ikawa jambo la kufichwa. Kwa hiyo katika miaka ya sabini madarasa ya juu yaliwakosa waliokufa, yakawakosa waliokimbia, na yakawakosa pia waliobaki nyumbani kwa hofu. Hili la tatu ndilo gumu kulipima, kwa sababu mtoto ambaye hakuandikwa kamwe hana pa kuonekana katika daftari.

Waliokimbia tunajua walikokwenda. Tanzania ilipokea wengi kuliko nchi nyingine, ikawapa makazi makubwa Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo mwishoni mwa miaka ya sabini. Huko watoto wa Kirundi waliingia katika shule zilizofundisha kwa Kiswahili, wakati ambapo Tanzania, kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977, ilikuwa ikijitahidi kila mtoto apate nafasi darasani. Mtoto ambaye Bujumbura angejifunza kwa Kifaransa alijifunza hesabu, historia na siasa kwa lugha ambayo shule za kwao zilikuwa zimeifungia mlango. Sekondari, hata hivyo, ilikuwa na nafasi chache hata kwa Watanzania wenyewe, na wengi wa watoto wale waliishia darasa la saba. Twasema hili bila lawama kwa wenyeji wao. Lakini yule aliyekosekana katika darasa la juu la Bujumbura hakulipata darasa la juu Tabora wala Mpanda.

Kisha ukaja mwaka 1993. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba, Watutsi wengi waliuawa vijijini, na shule haikuwa tena kimbilio: Kibimba, katika mkoa wa Gitega, wanafunzi wa Kitutsi walichomwa moto, na mahali pale pana kumbukumbu yao hadi leo. Mwezi wa Juni 1995 wanafunzi wa Kihutu waliuawa katika Chuo Kikuu, Bujumbura. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta, wavulana 40 waliuawa na waasi baada ya kukataa kujitenga kwa makabila walipoamriwa. Hatuyaorodheshi haya ili kulinganisha mizani ya damu. Tunayataja kwa sababu kila moja liliacha madawati matupu, na kwa sababu mwalimu wa kabila lolote nchini mwetu ana majina ambayo hawezi kuyaita.

Mjini Bujumbura kwenyewe mitaa iligawanyika. Kamenge ikawa ya hawa, Ngagara ikawa ya wale, na mwanafunzi aliyepangiwa shule upande wa pili wa barabara hakuthubutu kuivuka. Hata Bwiza, mtaa wa tangu zamani wa watu wa kila namna, ulishambuliwa mwezi Machi 1995. Buyenzi ulibaki na watu wake mchanganyiko, na wakazi wake hulieleza jambo hilo kwa fahari. Wanasema kwamba Mswahili wa Buyenzi haulizwi kabila. Huenda usemi huo unaifanya hali iwe nyepesi kuliko ilivyokuwa, lakini hatuwezi kuupuuza. Lugha iliyofukuzwa darasani na Wabelgiji ndiyo waliyokuwa wakisemeshana majirani walipokataa kutengana.

Vita vilipotulia, tatizo liligeuka kichwa chini miguu juu. Mwaka 2005 serikali mpya ya Pierre Nkurunziza iliondoa ada ya shule ya msingi, na watoto wakamiminika hata vyumba vikakosa nafasi. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Kiswahili, pamoja na Kiingereza, kikapata nafasi shuleni kuanzia msingi. Katika kipindi hicho wakimbizi wa mwaka 1972 waliokuwa Tanzania waliulizwa kama wangependa kurudi au kuwa raia wa huko. Walio wengi walichagua kubaki, na zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania. Lakini zaidi ya 50,000 walirudi, wakiwa na watoto na wajukuu ambao hawakuwahi kuiona Burundi.

Watoto hao waliingia madarasani mwetu wakisema Kiswahili safi kuliko mwalimu wao. Hawakujua Kifaransa. Kirundi chao kilikuwa cha nyumbani, kisichoweza kuandika insha. Wengi wakarudishwa madarasa ya chini, kijana mrefu akikaa na watoto waliomfika kiunoni, na si wachache walioona aibu wakaacha. Tukiri kwamba sisi walimu hatukuwa tayari. Tuliwapima kwa lugha wasiyoijua, tukaandika kwamba hawakufaulu, wakati somo letu wenyewe lilikuwa likitafuta watu wa kulifundisha. Mtu anayeshangaa leo kwa nini mchepuo wa Lugha hauna wanafunzi wa Kiswahili angeanza kuwatafuta hapo.

Mwaka 2015 watu walikimbia tena, na ndani ya miaka miwili wakimbizi wa Burundi katika nchi jirani walizidi 400,000, wengi wao Tanzania, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Safari hii watoto kambini walifundishwa kwa mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa, ili kurudi kwao kuwe rahisi. Lilikuwa jambo la busara, ingawa liliwanyima Kiswahili cha darasani waliokuwa katika nchi ya Kiswahili.

Ama habari za mwaka 1972, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilianza kufukua makaburi ya halaiki. Mwanzoni mwa mwaka 2020, kando ya mto Ruvubu katika mkoa wa Karusi, ilipata mabaki ya zaidi ya watu 6,000. Mwezi Desemba 2021 Tume ilitangaza mbele ya Bunge kwamba yaliyotendwa mwaka ule yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Wako wanaobishana bado juu ya tangazo hilo na juu ya yale ambayo Tume haikuyagusa. Kwa walimu, liko jambo moja lisilo na ubishi: miongoni mwa waliofukuliwa, na miongoni mwa wasiopatikana bado, wamo waliokuwa na nafasi zao katika madarasa ya juu.

Turudi kwenye wanafunzi wetu 9. Baada ya kikao kile kuahirishwa, tuliomba orodha ya waliopangiwa mchepuo wa Lugha katika shule hiyo, tukakuta majina 26. Kwa jioni kadhaa, tukiwa walimu watatu, tuliwatafuta wale 17 wasiofika. Watano walihamia shule ya ufundi kwa hiari yao, na wanafurahi. Wanne wamerudia darasa la tisa mahali pengine. Wawili wamekwenda Kigoma kwa jamaa. Binti mmoja tulimkuta Buyenzi akiuza vitenge katika kibanda cha shangazi yake. Alitujibu kwa Kiswahili kizuri mno kwamba sare na daftari vimeshindikana mwaka huu. Mwingine yuko nyumbani akimwuguza mama yake. Wanne waliobaki, hakuna jirani aliyeweza kutuambia waliko.

Tumeiandikia kamati ya shule majina hayo yote, kila moja na maelezo yake, badala ya tarakimu. Tumeomba uamuzi usitolewe kabla ya kamati kumwita shangazi wa binti yule na kabla ya wanne wale kutafutwa tena. Jibu halijaja tunapoandika haya. Wale 9 wanaendelea na masomo, na wiki iliyopita wameanza uchambuzi wa ushairi.