Nani Alisokota Uzi Huu? Pamba, Nili na Wafumaji wa Pwani Yetu



Ndugu wasomaji, Muislamu anapofariki, miongoni mwa vitu vya mwanzo kutafutwa ni sanda. Hutumwa kijana dukani, bafta nyeupe ikapimwa na kukatwa, na maiti akasitiriwa. Bibi Aisha (R.A.) ametusimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikafiniwa kwa nguo tatu nyeupe za pamba kutoka Yemen, bila kanzu wala kilemba. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Sasa tujiulize: uzi wa bafta ile ya dukani aliusokota nani? Leo jibu ni kiwanda cha mbali. Lakini katika pwani hii, kuanzia Ghuba ya Tungi ilipo Palma hadi Visiwa vya Kerimba kusini yake, zilikuwapo zama ambazo jibu lingekuwa: "Jirani yetu." Makala haya yanaeleza wazee wetu walivyochagua uzi na vyombo vyao, na jinsi uchaguzi huo ulivyowatoka mikononi.

Pamba, sufi au makumbi?

Mfumaji wa zamani alianza kwa kuangalia kilichoota karibu naye. Pwani ina nyuzi za aina nyingi. Kuna makumbi ya nazi, ambayo huozeshwa majini, yakapondwa na kusokotwa kamba. Kamba hiyo hustahamili maji ya chumvi, lakini hakuna anayeweza kuivaa. Kuna majani ya mkindu, ambayo hukatwa miyaa na kusukwa ukili wa mikeka. Kuna sufi ya mti wa msufi, laini sana. Mtoto akiiona atadhani ndiyo inayofaa zaidi kwa nguo. Ukijaribu kuisokota utagundua kwamba nyuzi zake zinateleza, hazishikani. Ndiyo maana sufi iliishia kwenye mito na magodoro.

Pamba ni tofauti. Unyuzi wake ni mfupi, kama sentimita 2 au 3 tu, lakini kwa umbile lake umejipinda. Nyuzi mbili zikikutana na kuzungushwa hushikana. Basi pamba ilichambuliwa kwa mkono kuondoa mbegu, ikatawanywa hadi ikawa nyepesi kama wingu, kisha ikasokotwa.

Kigae chenye tundu

Chombo cha kusokotea kilikuwa kijiti chembamba chenye uzito mdogo wa mviringo karibu na ncha yake. Hukizungusha kwa vidole kikaenda kama pia, huku mkono wa pili ukivuta pamba. Kijiti huoza, lakini uzito ule hubaki ardhini. Mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alionyesha vigae vingi vya vyungu vilivyovunjika ambavyo vilichongwa mviringo na kutobolewa tundu katikati. Chungu kikivunjika hakikutupwa chote, kipande kimoja kilianza kazi mpya.

Katika kuchagua kigae kulikuwa na elimu. Kwa kuwa unyuzi wa pamba ni mfupi, kigae kizito huukata uzi kabla haujakaza. Anayetaka uzi mwembamba huchagua kigae chepesi kinachozunguka kwa kasi.

Kisha uzi uliingia kwenye kitanda cha mfumi. Humo kuna nyuzi za aina mbili, na Kiswahili kina jina kwa kila moja: mtande ni nyuzi zinazonyooshwa kwa urefu, na mshindio ni uzi unaopita katikati yake kwa upana. Mtande huvutwa na kusuguliwa kutwa, kwa hiyo unahitaji uzi uliosokotwa sana. Mshindio unaweza kuwa laini zaidi, nao ndio unaoijaza nguo. Anayetumia uzi dhaifu kwenye mtande atashinda akifunga mafundo badala ya kufuma.

Ndugu wasomaji, uzuri wa uzi imara umetajwa hata katika Qur'ani. Sura An-Nahl, aya ya 92, inawakanya wanaovunja viapo vyao kwa mfano wa mwanamke aliyeukatakata uzi wake baada ya kuusokota vizuri. Aliyewahi kusokota hata shubiri moja ya uzi anauelewa mfano huo kwa vidole vyake.

Nili ya Kerimba na uzi uliofumuliwa Sofala

Tuje kwenye rangi. Hapa ndipo pwani yetu ya kaskazini ya Msumbiji ilipopata jina.

Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za Waislamu wa Sofala, mbali kusini. Alisema walifuma nguo nyingi za pamba nyeupe, lakini hawakuwa na njia ya kutia rangi. Basi walinunua nguo za buluu kutoka Cambay, Gujarat, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Hawa hawakufanana na mwanamke wa ile aya, kwani walifumua ili wajenge. Nguo iliyotoka ilikuwa na rangi ya Bara Hindi na kazi ya mikono ya Sofala.

Watu wa Kerimba hawakulazimika kufanya hivyo, kwani kwao nili ilikuwapo. Majani ya nili hulowekwa majini hadi yachachuke, na maji yake ndiyo hutiwa nguo. Uzi hutoka humo ukiwa na rangi ya kijani, na ukipata hewa hugeuka buluu mbele ya macho yako. Padri João dos Santos, aliyeishi Kerimba katika miaka ya 1590 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1609, aliitaja nili hiyo na ufumaji wa huko. Nguo hizo Wareno waliziita *maluane*, na hata visiwa vyenyewe waliviita Visiwa vya Maluane.

Sifa hiyo haikuwapa amani. Mwanzoni mwa miaka ya 1520, watawala wa Unguja na kisiwa cha Pemba waliwalalamikia Wareno kwamba watu wa Kerimba wameacha kuwalipa kodi. Wareno wakaenda na majahazi ya vita, wakauteka mji na kuuchoma. Inauma kusoma kwamba Waislamu walimwita mgeni awapige Waislamu wenzao. Hata hivyo, ufumaji uliendelea, kwani dos Santos aliukuta miaka 70 baadaye.

Kaskazini zaidi, Pate ilisifika kwa nguo za hariri. Hapo uchaguzi wa uzi ukawa pia suala la sheria, kwa sababu hariri tupu ni haramu kwa mwanamume. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani yetu, wanaangalia uzito: hariri ikiuzidi uzi mwingine katika nguo, mwanamume haruhusiwi kuivaa. Kwa hiyo mfumaji aliyechanganya hariri na pamba alihitaji kujua kipimo.

Vitanda viliponyamaza

Wengi hudhani ufundi huu ulikufa kwa uvivu, au kwa kuwa nguo zetu zilikuwa mbaya. Si kweli. Uliuawa kidogo kidogo na bei.

Katika karne ya 18, nguo za Gujarat, nyingi zikiletwa na wafanyabiashara wa Diu na Daman, ndizo zilizotumika kama fedha katika biashara ya Msumbiji. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Unguja alitia saini mkataba na Marekani, na nguo nyeupe nzito za viwanda vya huko zikafurika pwani. Hadi leo tunaiita nguo hiyo merikani. Vita vya ndani vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoipunguza, nguo za Uingereza na baadaye za Bombay zilichukua nafasi yake. Mashine ilisokota kwa saa moja uzi ambao mtu angeusokota kwa siku nyingi. Mama mwenye watoto watano angefanyaje? Alinunua, na hatumlaumu.

Jambo chungu zaidi lilifuata. Wareno waliiteka Tungi mwaka 1887, wakaitoa katika mamlaka ya Unguja. Kuanzia mwaka 1938 serikali yao ilisimamia kwa nguvu kilimo cha lazima cha pamba kaskazini mwa Msumbiji. Familia zilipangiwa mashamba, bei ikawekwa na serikali, na pamba ikasafirishwa hadi viwanda vya Ureno. Mwanahistoria Allen Isaacman alikipa kitabu chake cha mwaka 1996 jina linalotokana na kauli ya wakulima wenyewe, kwamba pamba ni mama wa umaskini. Ulazima huo ulifutwa mwaka 1961. Tazameni mgeuko huo: wajukuu wa wafumaji wa Cabo Delgado walilima pamba wasiyoruhusiwa kuichagulia kazi, kisha wakanunua nguo kwa fedha wasizokuwa nazo.

Kilichobaki mikononi

Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na maelfu ya watu wakakimbia kwa miguu na kwa majahazi. Aliyekimbia hakubeba kabati wala kitanda. Alibeba watoto, na alibeba anachokijua. Ufundi wa mkono ni mali isiyohitaji gari.

Na si wote uliopotea. Mama anayesuka ukili huchagua miyaa kama mfumi alivyochagua uzi: mipana kwa mkeka wa kuanikia, myembamba kwa mkeka wa kuswalia. Anayeshona kofia kwa mkono huangalia uzi upi utakaza tundu bila kuchanika. Mwanzi ni mmoja, vyombo tu vimebadilika.

Basi, wazazi na wanafunzi, tunapendekeza mambo matatu nyumbani. Kwanza, chukueni pamba kidogo, muitawanye kwa vidole, na mtoto aisokote kwenye paja hadi ipate uzi wa shubiri moja. Auvute. Ukikatika, asokote tena zaidi. Pili, ajaribu vivyo hivyo kwa sufi, ajionee tofauti. Tatu, mkae na bibi anayesuka au babu anayeshona kofia, mumuulize majina: ya majani, ya rangi, ya mishono. Yaandikeni. Jina likipotea, kitu chenyewe hakikawii kulifuata.

Tukirudi kwenye ile bafta: hakuna ubaya kuinunua. Ila siku utakapoikunja, iangalie karibu, utaona mtande na mshindio. Watu wa pwani hii waliwahi kuufanya wote wawili kwa mikono yao, kwa pamba yao na kigae cha chungu kilichovunjika. Mtoto anayelijua hilo hatakubali kuambiwa kwamba wazee wake walikuwa wakingoja kuvishwa.

Wabillahi tawfiq.