Sheria ya 1921 na Haki za Raia Mkoani Mara

Makada wengi wanajua kwamba mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha ubaguzi wa rangi mashuleni, na kwamba Sheria ya Haki za Raia ilifuata mwaka 1964, baada ya Weusi kuandamana, kupigwa na kufungwa. Makada hao hao hawalijui shauri la Chumchua Marwa dhidi ya mkuu wa gereza la Musoma.

Mwaka 1921 wakoloni wa Kiingereza walitunga Sheria ya Kuhamisha Watu. Gavana aliweza kumwondoa mtu kwao bila kesi. Tulipojitawala tuliirithi, tukamkabidhi Rais. Tusijidanganye, ndugu: ilikuwa na wapenzi wake. Aliyewahi kulala Tarime au Serengeti usiku wa yowe la ng'ombe walioibwa anaelewa. Shahidi anaogopa kisasi, mtuhumiwa anarudi kijijini, na umma unadai aondolewe.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini raia hakuweza kuzidai mahakamani hadi Machi 1988. Shauri la Marwa lilifunguliwa mwaka huo huo wa 1988. Katika Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliitangaza sheria ile ya mkoloni kuwa batili.

Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilifuta kifungu kilichonyima dhamana washtakiwa wa makosa ya shambulio kubwa, vitisho vya nguvu au kuwa na silaha za moto. Kilikuwa kipana mno. Kiliwakumba watu hatari na wasio hatari pamoja. Ubishi huo haukuisha: mwaka 2020 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba kuyanyima dhamana baadhi ya makosa hakuvunji Katiba.