Martin Luther na Mzigo wa Hatia: Chimbuko la Maungamo ya Kilutheri

Usharika unapotimiza miaka 100, wengi hukumbuka majengo, wachungaji na walimu wa kwanza. Upo urithi mwingine ambao hauna jiwe la msingi, nao ni maungamo na tangazo la msamaha wa dhambi katika ibada. Namna Walutheri wanavyoufahamu urithi huo inatokana kwa sehemu kubwa na mahangaiko ya kijana mmoja wa Ujerumani, ambaye kwa miaka mingi alishindwa kuamini kwamba amesamehewa.

Tarehe 2 Julai 1505, Martin Luther, mwanafunzi wa sheria mwenye umri wa miaka 21, alikutwa na radi karibu na kijiji cha Stotternheim. Kwa hofu ya kifo aliweka nadhiri ya kuwa mtawa. Siku 15 baadaye aliingia katika nyumba ya watawa wa Kiagostino mjini Erfurt, jambo lililomkasirisha sana baba yake. Huko alifunga, akakesha na kuungama mara kwa mara. Alipoadhimisha misa yake ya kwanza mwaka 1507, alishikwa na hofu kuu mbele ya madhabahu, akijiona hastahili kusema na Mungu aliye hai.

Luther hakuwa mvivu wa kutubu. Utaratibu wa wakati ule ulimtaka muungamaji ataje dhambi zake zote nzito anazozikumbuka. Yeye kila alipokwisha kuungama alikumbuka jambo jingine, akarudi tena. Kadiri alivyojichunguza, ndivyo hatia ilivyozidi. Johann von Staupitz, aliyekuwa kiongozi wa shirika lake, alimwonya aache kuhesabu makosa madogo madogo na kumwelekeza amtazame Kristo aliyejeruhiwa kwa ajili yake. Baadaye Luther alikiri kwamba pasipo msaada wa mzee huyo angaliangamia.

Staupitz ndiye pia aliyemhimiza kusoma hata akapata shahada ya udaktari wa teolojia huko Wittenberg mwaka 1512. Katika maandishi yake ya mwaka 1545, Luther alieleza jinsi Warumi 1:17 ilivyombadilisha. Hapo kwanza aliichukia haki ya Mungu, akidhani ni haki ya kuadhibu tu. Kisha akatambua kuwa ni haki ambayo Mungu humpa bure mwenye kuamini. Mwaka 1517 alipinga biashara ya hati za rehema. Aliona watu wakitafuta amani kwa fedha, kama yeye alivyoitafuta kwa kufunga na kukesha.

Hata hivyo, hatia haikumwacha moja kwa moja. Mwaka 1522, alipohubiri siku nane mfululizo huko Wittenberg, alisema kwamba maungamo ya siri yasilazimishwe, lakini yeye mwenyewe hangekubali kunyang'anywa, kwa sababu yalikuwa yamemtia nguvu. Mwezi Julai 1527 aliugua na kulemewa na huzuni nzito, akaungama kwa Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji. Mwalimu wa neema alihitaji kuisikia neema kinywani mwa mtu mwingine.

Hapo ndipo ilipo maana ya Kilutheri ya kujisamehe. Mtu hawi hakimu wa kesi yake, akajifutia deni. Hulipokea neno la Mungu lililokwisha kutamkwa juu yake, akaacha kulikatia rufani. Kwa hiyo Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lilidumisha maondoleo ya siri, lakini likasema si lazima kuhesabu kila kosa. Katekisimo Ndogo, iliyotolewa mwaka 1529, nayo ilikuja kuwa na mafundisho ya kuungama kwa watu wa kawaida.

Wamisionari wa Berlin walioingia Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, na wale wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikuja na Katekisimo hiyo. Tangu hapo vizazi kwa vizazi vya wanafunzi wa Kipaimara vimejifunza kwamba maungamo yana sehemu mbili: kukiri dhambi, na kupokea msamaha. Wengi huifanya ile ya kwanza kwa bidii, ile ya pili wakaiacha mlangoni. Mzazi hujilaumu miaka yote kwa ajili ya mtoto aliyepotea; mwana hujilaumu kwa kuchelewa kupatana na mama yake kabla ya mazishi.

Msamaha huo haufuti wajibu wa kutengeneza kilichoharibika. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini aliahidi hayo baada ya Yesu kuingia nyumbani mwake. Alirudisha kwa kuwa amepokewa, wala si ili apokewe. Aliyemkosea jirani na amwendee. Ambaye jirani yake amekwisha kulala mauti na amwendee mchungaji, aungame, alisikie neno la msamaha, kisha aende zake kwa amani.