Nukta Mbili Zilizofika Hadi Waifai ya Mtaa

2023, nikiwa nimeacha kampasi (stori ya karo tuiachie siku nyingine), nilipata kibarua cha kuvuta kebo za waifai hapa Pipeline. Wasee, hiyo kazi ni ngazi. Floo ya nane, hakuna lifti, umebeba roli ya kebo begani na koridoo ni giza hata saa sita mchana. Mdosi wangu aliuzia ploti kadhaa intaneti, ile unatuma mbao na M-Pesa unabrauzi masaa kadhaa. Kila kitu kilipita kwa rauta moja ya MikroTik aliyonunua mtumba huko tao. Aliyemuuzia alimpea na pasiwadi. Hakuwahi kuibadilisha, juu "inafanya kazi, usiguse."

Siku moja nikaingia kwa hiyo rauta kurekebisha spidi ya mteja. Pale kwa orodha ya kazi zinazojiendesha zenyewe, nikapata moja ambayo sisi hatukuiweka. Kila baada ya dakika chache rauta ilikuwa inatoka kwenda kwa anwani fulani ya nje kuuliza kama kuna maagizo. Yaani ilikuwa na mdosi mwingine.

Nilimaliza wiki nikitafuta vile huyo mwingine aliingia, na nikajikuta kwa history ya miaka hamsini.

Faili kwa kompyuta zinakaa kama rumu kwa ploti: kuna ploti, kuna floo, kuna mlango. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wa Unix kule Bell Labs, Marekani, walikuwa na kifupi chao: nukta mbili maana yake ni rudi nyuma folda moja. Ukiwa kwa mashine yako hiyo ni poa sana. Sasa fikiria programu inayopea watu wa nje faili kutoka folda moja peke yake. Mtu anaiandikia nukta mbili, mkwaju, nukta mbili, mkwaju, nukta mbili, halafu jina la faili ya pasiwadi. Ni kama mgeni amwambie keateka, "Nipeleke rumu ya nne, lakini kwanza tushuke chini, tutoke koridoo, tuingie ofisini kwako, nifungulie droo ya funguo." Na keateka anaenda tu, juu sentensi ilianza na "rumu ya nne". Hakuna kufuli imevunjwa. Programu imefuata maelekezo bila kuangalia safari inaishia wapi.

Oktoba 2000 Microsoft walitoa onyo kuhusu seva yao ya wavuti, IIS. Ilikuwa inakagua hizo nukta, kwa hivyo wajanja wakaandika mkwaju kwa kodi nyingine. Ukaguzi haukuutambua, halafu ndani ukatafsiriwa kuwa mkwaju wa kawaida. Dawa ilikuwepo. Karibu mwaka mmoja baadaye, Septemba 18, 2001, mdudu anaitwa Nimda (isome kutoka nyuma) akasambaa dunia nzima, na hilo shimo likiwa moja ya milango yake. Wenye seva hawakuwa wamepaka dawa.

Hapo bado ni seva moja moja. Shida kubwa ilikuja wakati tulianza kuunda makeateka: programu moja inayoshika funguo za mashine elfu na kuziamuru zote pamoja. Salt ni moja ya hizo, ilianza 2011. Kuna mashine kuu na kuna vibarua wake, na akisema wote wafanye kitu, wanafanya.

Mwisho wa Aprili 2020, sisi tukiwa tumefungiwa nyumbani na kafyu ya saa moja jioni, kampuni ya F-Secure ilitangaza mashimo mawili kwa mashine kuu ya Salt. La kwanza lilikupea ufunguo mkuu bila kuulizwa wewe ni nani. La pili lilikuwa ni zile zile nukta: soma au andika faili popote, nje ya folda uliyoruhusiwa. Mashine zaidi ya 6,000 zilikuwa wazi kwa intaneti. Dawa ilitoka Aprili 29, tangazo likafuata Alhamisi, Aprili 30. Kufikia wikendi hiyo hiyo LineageOS walikuwa wameingiliwa, Ghost pia, na DigiCert, watu wanaotoa vyeti vya usalama vya tovuti, wakasema ufunguo wa moja ya daftari zao umeguswa. Kwa Ghost, wezi waliweka programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, na seva zikalemewa hadi wenyewe wakashtuka. Nashangaa ingekuwaje kama wangekuja na adabu, wakae kimya.

Turudi kwa rauta. Aprili 2018 MikroTik, kampuni ya Latvia, waliziba shimo kwa Winbox, ile programu ya kusimamia rauta ukiwa mbali. Nukta tena. Mtu wa nje, bila kulogin, aliweza kuomba faili yenye majina na pasiwadi, na hizo pasiwadi zilifichwa kwa njia inayofunguka. Mwaka huo rauta kwa maelfu, nyingi zikiwa Brazil, zilitumiwa kuchimba sarafu.

Hapa ndipo nilikuwa nimekwama. Rauta ya mdosi ilikuwa na toleo jipya kuliko hiyo dawa. Shimo lilikuwa limezibwa. Jibu nililipata kwa stori ya Septemba 2021, wakati jeshi la rauta lililoitwa Mēris lilirushia Yandex ya Urusi maombi milioni 21.8 kwa sekunde. MikroTik walieleza kwamba hizo ni rauta zilizoingiliwa 2018. Wenyewe waliapdeti, lakini pasiwadi ikabaki ile ile. Siwezi kuapa kortini kwamba yetu ilikuwa moja yao. Lakini ilikuwa mtumba, na pasiwadi ilikuja nayo.

Mei 2024 mashirika ya Marekani, CISA na FBI, yaliandikia watengenezaji wa programu wamalize hii kitu. Kwa orodha yao ya mashimo yanayotumiwa na wezi, 55 yalikuwa ya aina hii. Walitaja pia shimo la ScreenConnect, keateka mwingine wa mbali, la Februari mwaka huo huo.

Nilimwambia mdosi tuisafishe rauta yote na tubadilishe pasiwadi. Ilikuwa Jumamosi, kuna mechi, ploti zote zingekaa bila neti jioni nzima. "Mwisho wa mwezi," akasema. Nikafuta ile kazi peke yake, nikaenda kulala.

Asubuhi ilikuwa imerudi. Nikamwonyesha. Akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akaniuliza kama ni mimi nimeiweka.