Mwanahistoria wa Sinema na Waimbaji

Miongoni mwa wanahistoria walioishughulikia nchi yetu ya Tanzania, ni wachache mno waliotambua, kama alivyotambua Mmarekani Laura Fair, kwamba furaha za raia nazo ni sehemu ya tarikhi. Katika kitabu chake cha 2001 juu ya burudani na siasa za Unguja alimtazama mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyerekodi santuri zake Bombay mwaka 1928. Na katika kile cha 2018 akayageukia majumba ya sinema, walioyajenga na walioyajaza, hata wale vijana waliokimbiza mikanda kwa baiskeli kutoka jumba moja hadi jingine, ili filamu moja ionyeshwe usiku ule ule mahali pawili. Habari hizo, pamoja na mahaba ya watu kwa filamu ya Kihindi ya Awaara ya Raj Kapoor, alizipata kwa kuketi na wazee na kuwasikiliza.

Kumbukumbu za viongozi zinatunzwa: Butiama, mkoani Mara, pana makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa 1999, na hilo ni jambo la fahari; lakini wapigaji wa ritungu, ile ala ya nyuzi, wa Mara, toka Musoma hadi Bunda, nao wanastahiki mtafiti wa namna hiyo, madhali wangaliko wazee wa kuulizwa.